Barazani: Kinshasa au Lubumbashi?



Mwezi wa Mei uliopita, Jumapili moja baada ya Misa, jirani yangu wa hapa Karavia alikuja barazani pamoja na mkewe. Ni mzee aliyepita miaka sabini, aliyefanya kazi muda mrefu katika kiwanda cha kuyeyushia shaba, naye si mtu wa maneno mengi. Aliketi, akakubali chai, akausifu mwembe wangu ambao hauna sifa yoyote, kisha akanyamaza. Baadaye akatoa simu mfukoni, akanipa nimsomee, maana macho yake yamechoka.

Ilikuwa barua ndefu ya mtoto wake wa kwanza, aliyeko Kinshasa tangu miaka kumi na minne. Maneno yake kwa ufupi yalikuwa haya: Baba na Mama, mmezeeka. Mnapougua siwezi kuja kila mara, kwa kuwa nauli ya ndege yamaliza mshahara wangu. Uzeni parsele, mje tukae pamoja. Kwa fedha hiyo tutapata kiwanja huku, tutajenga nyumba ya kututosha sote. Wajukuu wenu wawajua kwa sauti tu.

Nilipomaliza kusoma, mama aliitazama sakafu. Mzee akasema, “Mwalimu, wewe umekaa Kinshasa. Mimi sijapita Kananga. Niambie kweli: kati ya miji hii miwili, ni upi unaofaa mtu kukaa?”

Nami nikajibu. Nilikaa Kinshasa miaka saba, katika Lemba, na mtu aliyekaa mahali miaka saba hupenda kuulizwa. Najua kuwa wengi wenu mnalo swali hilohilo nyumbani, kwa maana familia nyingi za Katanga zina mtoto kule, na familia nyingi za kule zina mzee huku. Kwa hiyo nawaandikieni niliyoyasema siku ile, pamoja na yale niliyoyasahau, ambayo pengine ndiyo yaliyokuwa makubwa.

Kwanza nilimkumbusha habari ya saa. Nchi yetu ni moja, lakini ina saa mbili. Kinshasa ikiwa saa tatu usiku, huku kwetu ni saa nne. Mtoto akitoka kazini, akala, akashika simu kuwaamkia wazazi, wazazi wamekwisha kulala. Toka mji hata mji, kwa njia ya ndege, ni kilometa zaidi ya elfu moja na mia tano. Barabara moja nzuri ya kuiunganisha miji hii haipo. Njia ya zamani ni kupanda gari moshi hapa hata Ilebo, kisha kushuka kwa mashua mto Kasai na mto Kongo. Reli hiyo ilifika Ilebo mwaka 1928, na ndiyo iliyowaleta huku wazee wetu wengi. Lakini mgonjwa hawezi kuingoja. Kwa hiyo kijana asemapo habari ya nauli ya ndege, hasemi uvivu.

Tena miji hii haikuzaliwa na mama mmoja. Kinshasa ni mtoto wa mto. Mwaka 1881 Stanley alifungua kituo chake karibu na vijiji vya Wateke na Wahumbu, mahali ambapo mto Kongo unatanuka kabla ya kuangukia katika maporomoko. Mashua zilizotoka bara zilikomea hapo. Reli ya kutoka Matadi ilipokamilika mwaka 1898, bidhaa zote za nchi zikawa zapita katika mlango huo mmoja, na mwaka 1923 ikaamriwa kwamba makao makuu yahame Boma yaende huko. Ng’ambo ya maji waiona Brazzaville, mji mkuu wa nchi nyingine. Sisi wa huku ni watoto wa shaba. Reli ya kutoka kusini ilifika mwaka 1910, mji ukapimwa katika nchi ya mtemi Kaponda wa Walamba, ukapewa jina la malkia wa Wabelgiji, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikamiminwa kandokando ya mto Lubumbashi. Miji yote miwili ilirudishiwa majina ya kwao mwaka 1966.

Haya si mambo ya darasani tu. Hata leo yaonekana katika tabia za watu. Mji wetu ulijengwa na kampuni. Njia zake zimenyoka, kwa sababu aliyezichora alijua wapi wafanyakazi watalala na wapi wakubwa watalala. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière iliacha kuwachukua vijana wa miezi michache, ikataka mtu aje na mkewe, azae, akae. Ikampa nyumba, posho ya unga, shule ya watoto na hospitali. Basi watu wakaizoea kampuni kama mtoto amzoeavyo baba. Na baba huyo, ambaye tangu 1967 alikuwa mali ya serikali, akapata jina la Gécamines, kisha katika miaka ya 1990 akaanguka kitandani. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya elfu kumi waliagwa kwa pamoja. Jirani yangu ni mmoja wao.

Kinshasa haikupata baba wa namna hiyo. Huko watu wamezoea tangu zamani kufuata ile sheria ya mzaha waiitayo Kifungu cha 15, yaani: jitafutie mwenyewe. Mama auza mikate kichwani, mtoto auza maji baridi katika mifuko, karani wa serikali atokapo ofisini huwa dereva. Nilipofika kule mara ya kwanza niliwaona kuwa watu wa kelele. Baada ya mwaka mmoja nikaona kwamba mimi ndiye mjinga, niliyekuwa nangoja mwisho wa mwezi.

Ukitaka kujua ukubwa wa miji hii, hesabu ya mwisho ya watu katika nchi yetu ilifanywa mwaka 1984. Wakati ule Kinshasa ilikuwa na watu milioni mbili na laki sita, na Lubumbashi zaidi ya laki tano. Leo watu hukisia kwamba Kinshasa imepita milioni kumi na tano, na sisi milioni mbili au zaidi. Hapo uhuru ulipopatikana, mwaka 1960, mji mkuu ulikuwa na watu laki nne hivi. Njia na mifereji iliyokatwa kwa ajili ya laki nne haikuongezeka kama watu walivyoongezeka, na hapo ndipo shida inapoanzia.

Kijana wa mzee hukaa Masina, na kazi yake iko Gombe, penye ofisi na benki. Katika ramani si mbali, ni kilometa kumi na kitu. Lakini hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, naye hurudi saa mbili au saa tatu usiku. Watu wa mashariki ya mji, wa Masina, wa N’djili, wa Kimbanseke, wote humiminika katika barabara ileile ya Lumumba asubuhi, na wote hurudi nayo jioni. Mvua ikinyesha, gari hazisogei. Mimi mwenyewe, katika miaka ile saba, nilipata kuhesabu saa nilizokaa ndani ya basi kwa juma moja, zikawa ishirini na mbili. Sikuhesabu tena, nilichukia kujua. Hapa Karavia naweza kwenda kwa mguu hata kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, nikarudi, na siku ikawa bado changa. Ni kweli hata sisi tumeanza kuonja msongamano, hasa malori ya mgodi yaendayo Kasumbalesa, lakini hatujafika huko.

Jambo moja la kuchekesha nitalisema njiani. Kinshasa, mwenye kuchukua watu kwa pikipiki huitwa wewa. Huku kwetu huitwa manseba. Majina yote mawili ni ya Kiluba cha Kasai: la kwanza maana yake “wewe”, la pili “mjomba”. Basi katika miji miwili isiyopendana sana, mwenye kukuokoa ukichelewa huitwa kwa lugha ya watu wa tatu.

Sasa habari ya nyumba. Wenye kukaa Lubumbashi twajua machuguu yetu. Ni makubwa, mengine yapita meta tano kwenda juu, na udongo wake ni mzuri mno kwa matofali. Jirani yangu alipopata fedha yake ya kuagwa, alinunua parsele yenye chuguu katikati. Watu walimcheka kwa kuwa amenunua mlima. Yeye na wanawe walilibomoa kidogo kidogo, wakafinyanga matofali, wakayachoma, wakajenga vyumba vinne na choo, na kilichobaki wakawauzia majirani. Nyumba ile imetoka katika ardhi yake yenyewe. Kinshasa udongo ni mchanga. Huko watu hujenga kwa matofali ya saruji, na saruji hununuliwa mfuko kwa mfuko. Katika vilima vya Ngaliema, Selembao na Mont-Ngafula mchanga huo hukatwa na mvua, korongo likafunguka usiku, asubuhi nyumba haipo. Bondeni napo ni maji. Desemba 2022 mvua ya usiku mmoja iliua watu zaidi ya mia moja katika mji ule. Aprili 2025 mto Ndjili ulifurika, ukakata hata njia ya uwanja wa ndege, na watu zaidi ya thelathini walikufa.

Na asiye na kiwanja hupanga. Sheria ya kupangisha ya mwaka 2015 yasema kwamba dhamana ya nyumba ya kukaa isipite kodi ya miezi mitatu. Lakini nilipokuwa nikitafuta chumba Lemba, mwenye nyumba alitaka miezi kumi, na nilipomtajia sheria alinionyesha mlango kwa adabu. Wenye nyumba wa huku wamejifunza desturi hiyo upesi kuliko desturi nyingine zote za Kinshasa.

Lakini haifai kuusifu mji wetu kama mchumba. Moshi wa kiwanda cha shaba, tangu mwaka 1911, umepeperushwa na upepo wa kusini-mashariki miaka mingi, na upande ule ulikoelekea, kama Penga Penga, miti ilikufa na udongo ukabaki uchi. Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitangaza kwamba mtoto ambaye baba yake hufanya kazi ya mgodi yumo katika hatari zaidi ya kuzaliwa na kilema. Novemba 2025 maji ya sumu ya mgodi mmoja yaliingia katika mitaa ya watu pembeni mwa mji. Mzee aliposikia hayo alitazama mikono yake. Alisema tu kwamba moshi ule aliuvuta miaka thelathini na moja, na kwamba kama ungalitaka kumwua, ungalikwisha kufanya hivyo.

Juu ya hali ya hewa nilisema machache. Sisi tuko juu, kama meta elfu moja na mia mbili kutoka bahari; mwezi wa Juni na Julai usiku hutetemesha meno, na mwezi wa Septemba mijakaranda huvaa rangi ya zambarau hata mtu mwenye deni husimama kuitazama. Kinshasa iko chini, joto lake ni la kulowesha shati kabla ya saa mbili asubuhi. Mzee mwenye kifua ajipime mwenyewe.

Chakula nacho ni habari ya mfuko. Sisi twala bukari ya mahindi, na mahindi hayo mengi hutoka Zambia. Zambia wakipata ukame kama wa mwaka 2024, sisi ndio tunaofunga mikanda. Kinshasa hula mihogo: fufu, kwanga, na majani yake waitayo pondu, yaani sombe yetu. Hutoka Kongo-Kati na Kwilu, na malori yakikwama njiani bei hupanda vilevile. Samaki wa mto, waliofungwa katika majani na kuokwa juu ya makaa, hao nitawakumbuka mpaka nitakapozikwa.

Kisha nikafika kwenye lugha. Mtu wa huku akifungua kinywa sokoni Kinshasa, bei hupanda. Huko husemwa Kilingala, na mzee ajifunzaye lugha baada ya miaka sabini huwa kama mtoto: hutumwa, huchekwa, huzungumziwa juu ya kichwa chake. Tena, Mei 1997 majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa yakisema Kiswahili, na kwa watu wengi wa mji ule Kiswahili kikapata harufu ya bunduki. Lakini tusiwalaumu. Sisi tulikiona Kilingala vivyo hivyo miaka mingi, kwa kuwa kwetu kilikuwa lugha ya askari wa Mobutu. Nani kati yetu hajapata kusema, “Yule anaongea Kilingala, tahadhari naye”?

Hapo mzee alikatiza maneno yangu, jambo asilolifanya kamwe. Akasema, “Mwalimu, wasema juu ya mgeni wa Kinshasa. Je, na mgeni wa Lubumbashi?”

Nilijua anachotaka kusema. Baba yake alitoka Kasai kwa gari moshi kuja kufanya kazi ya shaba. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa, akabatizwa hapa, akaoa hapa, wanawe sita walizaliwa hapa. Kiswahili ndicho aotacho nacho. Walakini katika mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa kwa maelfu katika Katanga, hasa Likasi na Kolwezi. Walilala siku nyingi katika stesheni wakingoja gari moshi, na wengi walikufa, stesheni au njiani. Ndugu wa mzee, fundi wa reli wa Likasi, aliondoka na watoto watano akafika Mwene-Ditu na watatu. Hayo mzee hakuwa amenisimulia katika miaka yote ya ujirani wetu. Aliyasema pale barazani akiikoroga chai iliyokwisha kupoa.

Basi sikuweza kujificha. Nilikiri kwamba katika jambo hili Kinshasa ni mwalimu wetu. Kule mtu aliyetoka Equateur, aliyetoka Kivu, aliyetoka Kasai, akishajua Kilingala na kujua bei ya basi, ni mtu wa Kinshasa, hakuna anayechimbua babu yake. Huchekwa kwa matamshi, huitwa jina la kwao, lakini kiti anacho. Mji wa wageni wote hauna mwenyeji wa kumfukuza mwenzake. Wala sisemi kuwa huko hakuna ubaya. Wapo kuluna na mapanga yao, na giza la usiku halina rafiki. Huku nako wezi wenye bunduki wamewafanya watu wafunge milango ya chuma kabla ya saa mbili. Lakini lile swali la “wewe ni wa wapi hasa?”, ambalo huku huulizwa hata wakati wa kugawa kazi, kule sikuulizwa mara tatu katika miaka saba.

Mtaona kwamba mizani yangu ilikuwa inayumba. Hata hivyo nilitoa shauri, nami nililitoa kwa sauti ya mtu mwenye hakika. Nilisema: “Baba, usiuze. Usiache mbachao kwa msala upitao. Parsele karibu na ziwa la Karavia leo yatamaniwa na wenye fedha wa mgodi. Watakupa bei itakayokushangaza, nawe utaifikisha Kinshasa, nayo itanunua kiwanja cha mchanga ukingoni mwa korongo. Ukishauza, njia ya kurudi imefungwa. Nenda kwanza utembee. Nyumba usiyolala ndani yake huijui hila yake.”

Mzee aliafiki. Mwezi wa Julai, wakati wa baridi yetu, mwanawe alilipa tikiti moja, mzee akapanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Alikaa majuma sita.

Aliporudi alikuja barazani tena, safari hii peke yake. Alikuwa amenenepa kidogo. Akanieleza kwamba kweli mwanawe huwaona watoto wake wakiwa macho siku ya Jumapili tu. Siku nyingine huwafunika shuka. Taa zilizimika usiku mwingi, jambo lililomshangaza, kwa sababu umeme wa Inga hutoka upande ule, nao hupita angani katika waya za kilometa elfu moja na mia saba hata migodi ya Kolwezi. “Niliuza nguvu zangu kwa mgodi,” akasema, “kumbe na wao wanauza taa zao.” Masokoni alidanganywa mara mbili. Lakini katika ua wa mwanawe, mpangaji mmoja alipofiwa, majirani ambao hawakujua hata jina lake kamili walichanga, wakaleta viti, wakaimba usiku kucha, na asubuhi wakaenda kazini na macho mekundu. Na fundi mmoja wa viatu, mtu wa Bandundu, alikuwa akimwita Papa, na kumwekea kibao cha kukalia kila jioni. Hakuna aliyemwuliza kabila lake. Alisema jambo hilo mara mbili.

“Basi, Baba, umeamuaje?” nikamwuliza.

Akajibu kuwa yeye hauzi. Mwili wake haupendi lile joto, naye ataka kuzikwa mahali alipomzika mtoto wake wa tatu. Nikafurahi, nami nikajiona mshauri hodari. Hapo ndipo aliponiambia neno lililonishusha: “Lakini mama anakwenda.”

Ndugu wasomaji, siku ile ya kwanza mama alikaa barazani kwangu saa mbili nzima. Nilimpa chai. Nilieleza mito, reli, kodi za nyumba na bei ya unga, nikapima miji miwili kama mwenye duka apimavyo sukari, wala sikumgeukia hata mara moja kumwuliza yeye ataka nini. Mumewe naye hakumwuliza. Mzee alipokuwa Kinshasa, mama alizungumza na mkwewe kwa simu kila siku, akafahamu kwamba yule mwanamke huuza vitenge tangu alfajiri, na kwamba mjukuu mdogo, msichana wa miaka minne, hushinda kwa jirani. Akanunua daftari, akaanza kuandika maneno ya Kilingala. Binti wa fundi baiskeli wa hapa mtaani, aliyezaliwa Kinshasa, alimfundisha. Hakutaka kuuza parsele wala kuiacha. Alitaka kwenda mwaka mmoja, mpaka mtoto aanze shule, kisha arudi, au mtoto aje naye.

Nilimsindikiza uwanja wa ndege wa Luano mwanzoni mwa Oktoba, pamoja na mzee na binti yao. Mizigo yake ilikuwa mifuko miwili ya unga wa mahindi, viwavi vikavu katika gunia, uyoga mkavu, na blanketi ambalo hatalihitaji kule. Mkaguzi alitaka kulipisha uzito uliozidi. Mama akamjibu kwa Kilingala. Sijui alisema nini, lakini yule kijana alicheka, akaipitisha mifuko.

Mzee sasa hula kwa binti yake, Katuba, siku tatu katika juma, na siku nyingine hujipikia. Bukari yake ina mabonge, nimeila. Usiku huketi mbele ya nyumba yake ya udongo wa chuguu, amejifunika koti, na simu juu ya goti. Hapa Karavia ni saa nne, majirani wamefunga milango. Kule ni saa tatu, na mtoto bado hajalala.